Mlinzi wa getini ndo alinitajia paswedi

Jumanne ile nilifika Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, mapema kuliko nilivyozoea, na kwenye geti la ghala nililoitwa nikamkuta mzee mlinzi peke yake na kikombe chake cha kahawa. Shikamoo mzee, marahaba fundi, bosi hajafika, mhasibu hajafika, ila wewe ingia tu ofisini uanze kazi, mashine nimeshakuwashia. Nikamwambia mzee itanidai neno la siri, bora niwasubiri wenyewe. Akaniangalia kama vile nimesimama kwenye maji alafu namuuliza ziwa liko wapi. "Sangara2019, ile S ni kubwa," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Naiandika hapa wazi kabisa kwa sababu haifanyi kazi tena popote, na hiyo "popote" nitaieleza mwishoni huko.

Sasa mimi nilikuwa nimeitwa kwa jambo zito, sio kupiga Windows wala kutoa virusi vya flashi. Ghala ni la dagaa wakavu, wale wa gunia, wanaokuja kwa boti kutoka visiwani wanapangwa pale wanasubiri soko. Kwa asiyeijua biashara hii, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi wanatulia nchi kavu, mzigo unapungua, bei inapanda, na mwenye gunia ndani ndo anakula wakati huo. Wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi. Na kwenye ghala gunia 26 hazionekani.

Zilivyogundulika ndo sehemu iliyonitoa jasho. Pale wana daftari la mkono mlangoni, linaandikwa kila gunia ikiingia na kila ikitoka, na wana faili la Excel kwenye kompyuta ya ofisini. Daftari linasema 212. Excel inasema 186. Wakaenda kuhesabu gunia zenyewe moja moja, 186. Yani kuna mtu alichukua gunia 26 alafu akawa na akili ya kukumbuka kurekebisha kompyuta, ila daftari akalisahau, au hakuwa na namna ya kulifikia. Nikaangalia lile faili limebadilishwa lini, nikakuta Jumapili usiku. Nikafungua kile kitabu cha matukio cha Windows, maana Windows inaandika kila mtu anapoingia, tukio namba 4624, wengi hawajui kama lipo hata kwenye laptopu zao, na kweli Jumapili saa 21:31, saa tatu na nusu usiku, mtu kaingia. Kaingia kwa jina gani? Kaingia kwa jina la Ofisi.

Na Ofisi ni nani? Nikamuuliza bosi, alikuwa ameshafika saa hiyo, nani anaijua paswedi ya hii mashine. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, mhasibu, keshia, kijana wake anayekuja kusaidia wikendi, makarani wawili wa stoo, mlinzi. Alafu akanitazama mimi. Mimi nikaongeza yule fundi aliyekuwepo kabla yangu, maana akaunti yake bado ilikuwa humo ndani, na nikaongeza na dogo mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi zamani. Kumi. Vidole vya mikono yote miwili vikaisha.

Lakini wakati tunahesabu, mwenye makosa alikuwa ameshapatikana tayari, kwa maoni ya pale ofisini. Yule binti wa keshia. Kwa nini yeye? Kwa sababu ndo anayekaa kwenye mashine. Hamna sababu nyingine niliyoisikia siku ile, eti anayekaa kwenye mashine. Binti analia mpaka hawezi kuongea. Kilichomwokoa sio kompyuta, wala sio mimi na ujuzi wangu wa 4624, kilichomwokoa ni kwamba Jumamosi alipanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema msibani, akalala huko siku mbili na watu wa msiba mzima wamemuona akipika, akarudi Jumatatu. Angekuwa hajafiwa angekuwa ameshafukuzwa, fikiria hapo. Bosi hakumwomba radhi mbele ya wenzake, alimpa hela kidogo akamwambia pumzika wiki hii, na binti baada ya miezi miwili akaondoka zake kabisa na simlaumu.

Aliyechukua hizo gunia hajajulikana mpaka leo na hatajulikana, na nilimwambia bosi hivyo hivyo, bosi, hapa hata aje nani toka Dar hakuna cha kufukua, kitabu kimeandika vizuri sana isipokuwa kimeandika jina la watu kumi kwa mpigo.

Kuna stori moja napenda kuwasimulia wateja wangu, wengine wanasinzia ila nitaisimulia tena. Hizi paswedi za kompyuta hazikuanza kwa sababu ya wezi wa intaneti, intaneti yenyewe ilikuwa bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale chuo cha MIT Marekani kulikuwa na mtambo mmoja mkubwa watu wengi wanautumia kwa zamu kupitia vituo mbalimbali, mfumo wake ukiitwa CTSS, na kiongozi wa kazi ile, Fernando Corbató, na wenzake wakaona kila mtu awe na faili zake na muda wake, kwa hiyo kila mtu akapewa neno lake la siri. Yani paswedi ilizaliwa ili watu wengi watumie mashine moja bila kuchanganyana. Na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa amepangiwa masaa manne kwa wiki na hayamtoshi, akaomba mtambo umchapie faili lenye paswedi zote, ukamchapia, akawa anaingia kwa majina ya wenzake. Wizi wa kwanza wa paswedi tunaousikia ulikuwa ni mtu anayetafuta muda wa kumalizia kazi yake! Sasa sisi huku miaka sitini baadaye tumeligeuza lile wazo kichwa chini, tuna mashine moja, watu kumi, na neno moja la wote. Hilo sio neno la siri, hilo ni salamu.

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe, maana ni rahisi kumsema bosi wa watu. Huyo dogo niliyemtaja, tulifanya naye kazi kama miaka mitatu, kijana safi, mwaminifu, alafu akaondoka akafungua kibanda chake Buzuruga, na mimi nikampa hadi bisibisi na tukaagana vizuri. Siku ile Mwaloni nikiwa nahesabu vidole na bosi ndo ikanijia kichwani kama maji ya baridi. Kila ofisi niliyowahi kuhudumia nilikuwa nikimaliza kazi natengeneza akaunti ya adimini, yani ile yenye mamlaka yote ya mashine, inaitwa fundi, na paswedi ni ile ile moja, kila mahali, ili nisisahau. Igoma, Nyegezi, Mkolani, Pasiansi, stationari mbili za Makoroboi, shule moja, maduka ya dawa. Ofisi ishirini na kitu zinafunguka kwa neno moja, na hilo neno dogo analijua, na kama analijua yeye basi labda na aliyemfundisha kazi baada yangu analijua. Sisemi alifanya kitu. Nasema kama kingetokea kitu popote kati ya hizo ofisi ishirini, mimi na yeye tungekaa kwenye benchi moja la polisi na hakuna ambaye angeweza kututenganisha.

Nilitumia wiki mbili kuzunguka kwa nauli yangu mwenyewe. Mafundi wenzangu mnaosoma hapa mnajijua.

Namna ya kujua kama una wageni wa hivyo ndani ya mashine yako ni rahisi sana. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri, Command Prompt, andika net localgroup administrators, bonyeza Enter. Itakuletea orodha ya wote wenye mamlaka ya adimini. Kwenye ofisi nyingi nakuta majina manne, matano, na mwenye ofisi anatambua mawili. Ukitaka kujua jina fulani mara ya mwisho liliingia lini andika net user na hilo jina, mfano net user fundi, kuna mstari unaonyesha. Ukilikuta la mtu aliyeondoka usikimbilie kulifuta, lifunge kwanza, net user fundi /active:no, hiyo inatakiwa dirisha uwe umelifungua kama adimini, kwa sababu ukifuta akaunti kwa pupa na faili zake zikaenda nayo unaweza kukuta mkataba wa pango ulikuwa kwenye deskitopu yake. Ifunge, toa vya ofisi, baada ya mwezi ndo ufute.

Turudi ghalani. Bosi alitaka nibadilishe tu paswedi, niweke ngumu, nimpe yeye na mhasibu. Nikamwambia sawa bosi, ila kesho asubuhi mlinzi ataijua. Akacheka. Nikamuuliza, hivi mlinzi aliijuaje hii? Hakujua. Nikaenda kumuuliza mzee mwenyewe, na jibu lake lilinifunza zaidi ya kozi nilizosoma. Akasema fundi, ile mashine ni nzito, ukiwasha inachukua kama dakika kumi mpaka itulie, sasa bosi aliyekuwa anasimamia zamani akaniambia mzee wewe upo tangu usiku, saa moja kasoro niwashie na uingize kabisa hilo neno, watu wakifika wakute iko tayari.

Umeona? Mlinzi hakuiba neno la siri. Alipewa kwa sababu diski ilikuwa ya kizamani, ile inayozunguka! Nilipoifungua ile mashine nikakuta hadi diski inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Kitu cha kwanza nilichofanya kwenye kazi ya usalama pale ghalani hakikuwa cha usalama, niliweka SSD ya 240GB, ile diski ya kisasa isiyozunguka, nikahamishia kila kitu, na ile mashine sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Mlinzi hana tena sababu ya kuigusa.

Toka hapo nikaanza kumuuliza kila mmoja, wewe ulipewa kwa nini. Makarani wa stoo walipewa kwa sababu printa imeunganishwa kwenye mashine ya keshia peke yake, wakitaka kuchapa risiti ya mzigo lazima wakae kwenye kiti chake. Kijana wa bosi alipewa kwa sababu wikendi keshia hayupo. Mhasibu anaijua kwa sababu yale mafaili yalikuwa kwenye deskitopu ya Ofisi na sio penginepo. Hakuna hata mmoja aliyepewa kwa ubaya, kila mmoja kazi ilimkwamia mahali na njia fupi ikawa ni kumtajia. Ndo maana mimi siku hizi nikiitwa ofisi ambayo wote wanatumia neno moja siwagombezi, natafuta kinachowakwamisha. Ukiwagombeza watakuitikia ndiyo fundi, ukishika njia wanarudi pale pale.

Kwa hiyo printa nikaiweka kwenye mtandao wa ofisi kila mashine ichape. Mafaili nikayatoa kwenye deskitopu nikayaweka kwenye folda moja ya pamoja, keshia anaandika mauzo, makarani wanaandika stoo, mhasibu anaona vyote, na kijana wa bosi anasoma tu habadilishi. Alafu ndo nikatengeneza akaunti, kila mtu yake, kwa jina lake, na zote ni za mtumiaji wa kawaida sio adimini. Tofauti yake kwa wasiojua, mtumiaji wa kawaida anafanya kazi zake zote, anaandika, anachapa, anaperuzi, ila akitaka kuweka programu mpya au kugusa mipangilio ya mashine Windows inamsimamisha inadai paswedi ya adimini. Na kirusi kikiingia na flashi kinaingia na mamlaka ya yule aliyekaa, hakipewi zaidi kirahisi, kwa hiyo ukiwa umekaa kama adimini siku nzima unaperuzi na kufungua viambatanisho vya barua pepe, umemwachia mgeni nyumba nzima wakati yeye alihitaji kiti tu. Adimini nikaiacha moja, hakuna anayeitumia kwa kazi za kila siku, hata bosi ana akaunti yake ya kawaida. Hapo alininunia kidogo. Eti mimi ndo mwenye mali fundi. Nikamwambia ndo maana bosi, wewe ndo unatumiwa viambatanisho vingi kuliko wote.

Paswedi ya adimini tuliiandika kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Najua kuna watu wanafundisha kwamba kuandika ni dhambi, mi sikubaliani, inategemea karatasi inalala wapi. Ile imewekwa kwenye bahasha, bosi na mhasibu wakasaini juu ya pale inapofungwa, ikaingia kwenye sefu ya pesa. Bosi akisafiri na mimi nikiwa nimeanguka na bodaboda huko, ofisi haisimami, na aliyefungua bahasha anajulikana maana saini zimechanika. Mwambie mtu alikariri tu kichwani uone kama hutaitwa baada ya miezi mitatu kuja kupiga Windows upya.

Kwenye kuchagua maneno yenyewe ndo tulicheka. Mmoja wa makarani akaandika Yanga1935, mwenzake hapo hapo Simba1936. Kijana wa bosi yeye Pamba2024, kwa furaha ya Pamba Jiji kurudi ligi kuu mwaka ule. Ukiangalia kwa kanuni zile za zamani ziko sawa kabisa, herufi kubwa ipo, namba zipo, ukiongeza na alama ya @ katikati umemaliza masharti yote. Ila mtu yeyote anayekujua, tena Mwanza hii ambayo kila mtu anajua unashabikia nini, atakupata kabla chai haijapoa. Mwaka 2009 kuna tovuti ya Marekani inaitwa RockYou iliibiwa paswedi milioni 32, zilikuwa zimehifadhiwa waziwazi bila kufichwa, na iliyoongoza ilikuwa 123456, watu zaidi ya laki mbili na tisini waliitumia. Wanaojaribu kuvunja hawaanzi na aaaa, bbbb, wanaanza na orodha za kile watu wanachopenda. Na timu na mwaka ni mlango wa kwanza.

Hizo kanuni za herufi kubwa na alama zina baba, na baba mwenyewe alijuta. Bill Burr wa NIST, ile taasisi ya viwango ya Marekani, ndo aliandika mwongozo wa mwaka 2003 uliosambaa dunia nzima, changanya herufi na alama, badilisha kila baada ya muda, na mwaka 2017 akiwa amestaafu akaliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika anayajutia. Mwaka huo huo NIST wakaandika upya, wakaacha kulazimisha alama na wakaacha kulazimisha kubadilisha kila baada ya muda, na toleo la 2025 linataka herufi zisizopungua 15 kama paswedi ndo ulinzi pekee ulionao. Microsoft nao 2019 wakaondoa kwenye mapendekezo yao ule muda wa paswedi kuisha. Na mimi nimeona kwa macho, kuna ofisi wanalazimishwa kubadilisha kila mwezi, unadhani wanaweka nini? Januari2025, Februari2025. Mwizi anahitaji kalenda tu.

Kwa hiyo tukaenda na urefu. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, mfano kisado tochi binamu mwarobaini, hayo usiyachukue maana nimeshayaanika hapa. Kiswahili kinatubeba sana kwenye hili, maneno yetu ni marefu yenyewe, hayo manne tu bila nafasi ni herufi 27. Linganisha na herufi nane ndogo tupu, mchanganyiko wake ni kama bilioni 208, inasikika nyingi, lakini kwa jinsi Windows inavyozitunza, mwizi akishapata lile faili la paswedi, kadi nzuri ya picha, ile ya gemu, inajaribu mabilioni kwa sekunde moja. Usitumie methali. Haraka haraka haina baraka ni ndefu lakini kila mtu anaijua, na mistari ya nyimbo na ya vitabu vya dini ni hivyo hivyo. Na yale maswali Windows inayouliza ukitengeneza akaunti, jina la shule ya kwanza, mji walikokutana wazazi, usijibu ukweli. Mji huu mdogo, shule uliyosoma wanaijua mpaka wauza mahindi ya kuchoma. Jibu uongo unaoukumbuka.

Kubadilisha tunabadilisha siku mbili tu, siku kuna dalili neno limevuja, na siku mtu anaondoka. Ya mtu anaondoka ndo muhimu kuliko yote na ndo inayosahaulika maana siku hiyo watu wanawaza sherehe ya kuagana au ugomvi wa mshahara. Nimewawekea kwenye fomu ya makabidhiano, funguo ya ghala, sare, simu ya ofisi, akaunti ya kompyuta imefungwa, nani kaifunga, saa ngapi. Akaunti ya kwanza kufungwa kwa utaratibu huo ilikuwa ya yule binti. Niliifunga mimi mwenyewe na roho iliniuma kidogo.

Kuloku skrini nako kulitaka mazoezi. Kitufe cha Windows na L, basi, unanyanyuka kwenda kula samaki unabonyeza hivyo viwili. Wiki ya kwanza hakuna aliyekumbuka kwa hiyo nikaweka dakika tano ijifunge yenyewe, makarani wakalalamika, tukaelewana kumi. Ukirudi unaingia kwako na mwenzako kazi yake iko vile vile kwake, hakuna haja ya kufunga faili zake. Pia nilikuta mashine nyingine pale imewekewa kuingia yenyewe bila kuuliza chochote, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi wanachoka kuandika, na umeme wetu mnaujua. Nikaitoa nikaweka UPS ndogo, lile betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika.

Stationari ndo zinanitia wasiwasi kuliko hata maghala, niseme tu kwa kupita. Nenda yoyote hapa mjini ukaangalie deskitopu, vitambulisho vya NIDA vya watu, vyeti vya kidato cha nne, barua za kuomba kazi, vyote viko pale tangu 2020, na mtoto wa jirani anachezea gemu kwenye akaunti hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023 na hiyo karatasi ya NIDA ni taarifa binafsi ya mtu. Akaunti moja ya wateja isiyo na mamlaka, moja ya mwenye duka, na kila jioni unafuta vya wateja. Haichukui hata nusu saa kupanga.

Alafu nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa, paswedi ya Windows haimzuii mtu aliyebeba mashine yenyewe. Akitoa diski akaichomeka kwingine anasoma kila kitu, isipokuwa kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows yenyewe, ambayo iko kwenye Windows Pro, na ule ufunguo wake wa dharura wa namba 48 nao unaingia kwenye bahasha ile ile ya sefu. Ukipoteza huo usinipigie, sitakusaidia, wala mwingine hatakusaidia.

Mwezi uliopita nilipita tena ghalani kuangalia printa. Mhasibu alikuwa amechelewa, foleni ya daraja la Mabatini, kwa hiyo nikakaa na mzee mlinzi kwenye benchi lake tunaangalia boti zinavyoshusha mzigo. Akaniambia fundi, wabeja, siku hizi nalala vizuri, kikipotea kitu mimi siulizwi habari za kompyuta. Nikamtania, mzee ile paswedi ya zamani bado unaikumbuka? Akasema ataisahauje, ndo aliyomwekea mjukuu wake kwenye simu, na kwenye Facebook yake, na akaitaja pale pale kwa sauti mbele ya wabeba mizigo wawili, S ni kubwa.

Nikamwambia mzee mpigie mjukuu alete simu. Akaja, wa kidato cha pili huyo, tukabanana watatu kwenye benchi tunatafuta maneno manne. Nikamwambia mzee taja neno la kwanza, lolote lile linalokujia.

"Sangara," akasema.